Ukuta Si Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Redio imeanza tena kabla maji ya chai hayajachemka. Wimbo uleule. Nimefunga dirisha la uani kwa kishindo ili mwenyewe asikie. Mwanangu Elia kaniuliza kwa nini tunafunga dirisha na joto lote hili. Nimemwambia amalize uji.

Mwenye redio ni Mwanahamisi, mdogo wake Mama Rehema, na Mama Rehema ndiye mwenye nyumba yetu. Alirudi kutoka Pangani wakati wa masika. Ameachika. Alikuja na sanduku moja na hiyo redio ya kuchomeka flashi. Amepewa chumba kilichopakana na chetu, ukuta ni mmoja. Kila asubuhi kinanda kinaanza kuzunguka, fidla inafuata, halafu mwanamke mmoja anaanza kulalamika. Hapo ndipo ninapofunga dirisha. Sijawahi kufika mbele zaidi.

Sipendi taarabu. Naandika humu kwa sababu hapa Tanga, na Ngamiani hasa, huwezi kusema hivyo ukaonekana mzima. Inazunguka, haifiki. Kinanda kinajisifu robo saa, yanakuja maneno mawili ya kumchoma mtu, kisha kinanda tena. Mimi nimelelewa Bumbuli, kwaya ya sauti nne na matarumbeta ya usharika. Wimbo una beti zake. Unajua umeanza lini na utakwisha lini, watu wakae.

Jioni nilimkuta Mama Rehema jikoni anakaanga samaki. Nikamwuliza kwa upole wangu wote wa kialimu, huyu mdogo wako anaondoka lini. Akageuza samaki. Akasema akipata pa kwenda. Nikaona nimelimaliza jambo vizuri, bila ugomvi.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi ya kwaya leo. Sauti ya pili wanalala kama kawaida. Lazima niwanyooshee mkono ndipo wanakumbuka kuingia. Kama mkono wangu ungekatika, kwaya ya kinamama ingekufa siku hiyohiyo.

Niliwachekesha. Nikaigiza taarabu: shingo upande, macho nusu, leso mkononi. Nikasema ni muziki wa watu waliokosa ujasiri wa kugombana. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilijisikia hodari sana.

Kusema haki, Mama Rehema naye hapendi vyetu. Matarumbeta anasema ni ng'ombe waliozuiwa mlangoni. Kwaya anasema tunaimba kama watu wanaopanda ngazi, kila mtu anahesabu asianguke. Baba Elia yeye anataka dansi la zamani tu, magitaa matatu na wimbo wa kumsifu mwanamke aliyekwisha zeeka. Vijana wa bodaboda pale kona ni singeli, inakwenda mbio kana kwamba wimbo umeiba kitu. Kila mtu anaona wenzake ndio viziwi.

Lakini mimi nina cheti cha muziki. Nilijiambia hivyo leo, kwa sauti, nikiwa natembea peke yangu. Nina cheti.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Siku nzima uani na vitunguu. Rehema anaolewa Jumapili, mume ni mtu wa Kigombe. Kesho mchana ni taarabu ya kinamama. Turubai limefungwa barabarani tayari. Nimealikwa na siwezi kukataa. Tumekaa nyumba hii tangu Elia hajazaliwa, na Rehema amenibebea mtoto wangu mgongoni.

Mwanahamisi alikuwa anampaka mwali hina. Mkono wake ni mtulivu, maua yanatoka membamba kabisa. Alikuwa anaimba chinichini, wimbo wake ule. Nikamwambia unashuka sauti pale mwisho wa mstari, panda kidogo. Hakuimba tena mchana wote. Nilidhani ananishukuru kwa kufundishwa.

Aliniuliza kama anipake hata kidole kimoja. Nikasema nina mazoezi ya kwaya, watu watauliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya kitu kwenye shughuli. Wanawake wamepiga vigelegele, halafu nusu yao wakanyamaza. Mwanahamisi kaingia ndani na hajatoka. Mama Rehema hanitazami. Hakuna aliyeniambia ni nini.

Nimekula pilau peke yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Sijakwenda ibadani. Nimesema naumwa kichwa. Sasa najua nilichofanya, kaniambia jirani wa mlango wa tatu, kwa furaha, akidhani nilikusudia. Kanipongeza. Kasema hakujua Walutheri tunaweza.

Niandike kama ilivyokuwa.

Tulikaa chini ya turubai, safu mbili zinazotazamana, njia katikati. Mbele kikundi, Bi Salma anaimba. Wanawake wanainuka mmoja mmoja kwenda kumtunza, noti mkononi, wanakwenda kwa maringo. Wengine walijishika kifua na kufumba macho. Nikafikiri ni mbwembwe tu. Mama Rehema akanigusa goti, akasema, Mwalimu, nawe nyanyuka ukatunze, wewe ni mtu wa nyumbani. Nilikuwa nataka limalizike. Nikainuka kwenye wimbo uliokuwa unapigwa. Ulikuwa ule wa asubuhi. Niliutambua kwa kinanda. Maneno sikuyajua, kwa kuwa siku zote nafunga dirisha.

Nikanyanyua mkono na noti kama walivyofanya wenzangu. Kucheza siwezi. Mkono ukafanya unachokijua, ukaanza kupiga mdundo. Nikafika katikati ya njia na sauti ya Bi Salma ikaingia. Sauti ikiingia, mkono wangu hunyooka kuwaonyesha sauti ya pili, na sauti ya pili hukaa kushoto kwangu. Kushoto kwangu, mwisho wa safu, alikaa Mwanahamisi na sinia la halua mapajani.

Nikamnyooshea. Noti kwenye vidole, moja kwa moja usoni kwake.

*Naegemea ukuta, si wangu wala wa mama.*

Vigelegele vikalipuka. Nikafikiri nimepatia. Nikatabasamu. Mungu wangu, nilitabasamu. Na mstari wa pili ulipoingia nikamnyooshea tena.

*Kivuli nilichopata, chini yake nasimama.*

Akaweka sinia chini polepole, akajifunika mtandio, akaingia ndani. Nami nikaenda kumbandika Bi Salma noti na nikarudi kukaa, nimenyooka, nikisubiri pongezi.

Kumbe kwao ubeti ni mali ya anayeutunza. Ukiushika ukampitishia mtu mbele ya macho yake, umemwambia, ni wewe huyu. Mbele ya wote waliokuwepo, kwenye shughuli ya harusi ya mtoto wa dada yake, nilimwambia mwanamke aliyeachika kwamba anakaa kwenye ukuta wa mtu.

Nasikia aibu mpaka kwenye meno.

Jumatatu, 11 Agosti

Redio haijalia. Nilifungua dirisha nikasubiri. Nimesikia ufagio, nimesikia bomba, nimesikia kikohozi chake. Redio hapana.

Miezi yote hii niliomba ukimya. Nimeupata leo, na dirisha bado liko wazi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeharibu zaidi.

Niliwaza, kanisani tukikosa tunasimama mbele ya watu tunakiri. Nikanunua sukari na kitenge kizuri, nikamfuata Mwanahamisi uani jioni, wakati wote wanachota maji. Nikasimama wima. Nikasema kwa sauti ya kusikika, sauti ninayotumia darasa la nne, kwamba naomba radhi, sikukusudia kabisa kumsema kwamba amekuja kukaa kwa watu.

Ndoo zikasimama. Kulikuwa na wapangaji wa nyumba ya pili ambao hata Jumamosi hawakuwepo. Sasa nao wamejua.

Mwanahamisi alikuwa anaanika kanga. Akamaliza kuianika. Akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "umeshalisema tena."

Kitenge hakukipokea. Sukari hakuipokea. Nilirudi navyo chumbani, watu wakinipisha njia. Elia aliuliza kama kitenge ni changu. Nimekisukumia chini ya kitanda.

Alhamisi, 14 Agosti

Mwanahamisi kaondoka. Kaenda Kigombe kwa shangazi yao. Sanduku lilelile, redio ileile. Nilikuwa shuleni. Nimekuta mlango una kufuli.

Niliuliza anaondoka lini. Nimejibiwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemfuata Mama Rehema jikoni. Safari hii sikusimama, nilikaa kwenye kibao cha mbuzi kama mtoto. Nikamweleza habari ya mkono. Nikamwonyesha: hivi ninavyopiga mdundo, hivi ninavyowaita sauti ya pili. Nilikuwa nanyoosha mkono kwenye masufuria. Alisogeza sufuria la moto mbali na mkono wangu. Sijui kama aliniamini.

Akasema wimbo ule ni wa Mwanahamisi. Sikuelewa. Akasema Bi Salma na kikundi chake waliurekodi wenyewe, hauko redioni wala kwenye simu za watu, na Mwanahamisi aliupata kule Pangani wiki aliyoandikiwa talaka. Ndio aliokuja nao. Asubuhi anausikiliza wote, anajifuta uso, ndipo anaweza kutoka kuonana na watu. Hakuwa anamsema mtu. Hakuwa anamrushia jirani. Alikuwa anajisemea mwenyewe, maneno ya mtu aliyekosa pake, na mimi nikayachukua yale maneno nikampigia nayo.

Miezi yote hiyo nilikuwa upande wa pili wa ukuta nafunga dirisha kwa kishindo ili asikie.

Halafu Mama Rehema akasema lile nililokuwa naliogopa.

"Weye ulin'uliza anaondoka lini. Siku tano baadaye ukamnyooshea mkono kwenye ubeti ule. Sasa wataka miye niamini nini?"

Sikukusudia, na bado nilikuwa nimelifikiri. Kila neno la ubeti ule nilikuwa nimeshalisema jikoni mle kwa Kiswahili safi. Mkono ulikosea, lakini haukumkosea mtu nisiyemchukia. Hiyo ndiyo aibu yenyewe na sina pa kuipeleka.

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema ulimfanyia kwa wimbo, watu wanatazama. Huwezi kuja kuifuta jikoni kwa maneno. Akaondoka na sufuria lake.

Jumamosi, 16 Agosti

Baba Elia karudi kutoka shamba la mkonge anakofanya ufundi wa magari, nguo zinanuka mkonge na grisi. Nimemsimulia yote. Nilitaka aniambie ni jambo dogo. Alicheka kwanza, kwenye habari ya halua. Halafu akaacha.

Kasema tatizo langu muziki sisikilizi, nasahihisha. Kasema hata dansi lake, ninachosikia ni gitaa lililolegea.

Nikamwambia mtu mwenye sikio la mafunzo hawezi kujizuia. Akasema ndiyo, na mimi mwenye pua ya fundi nikienda kwa watu sinusi mafuta ya magari yao.

Nilikasirika. Sikuongea naye tangu magharibi mpaka tulipolala. Anasema kweli.

Kitu kingine. Tumelala tukisikiliza ule ukuta mtupu, akasema, hata sisi si wapangaji? Nikamwambia sisi tunajenga Pongwe. Akasema Pongwe kuna msingi na nyasi. Kila mwaka namwambia Mama Rehema mwakani tunahama. Kila mwaka anaitikia, haya, Mungu akipenda.

Jumanne, 19 Agosti

Mama Rehema kasimama mlangoni kwangu, hakuingia. Kasema Jumamosi wakwe wa Kigombe wanaalika, taarabu ya mchana ya kumpokea Rehema, kikundi ni kilekile cha Bi Salma. Kasema Mwanahamisi atakuwepo, ndiye anayempamba mwali. Kasema kuja ni hiari yangu.

Nimekumbuka wale wanawake waliojishika kifua. Nimemwuliza Mama Rehema ile ina maana gani. Kasema ni mtu anayelichukua neno liwe lake.

Jumatano, 20 Agosti

Kwaya. Waliniomba niigize tena taarabu, wameleta na mwenzao mpya aone. Nikasema tuanze na mazoezi ya pumzi. Wakasisitiza. Nikawafokea. Sauti ya pili waliingia bila kunyooshewa mkono. Nilikuwa nimeiweka mikono nyuma muda wote.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimerudi. Miguu imejaa mchanga, sijaoga. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Tulifika adhuhuri. Nikaamkia wakubwa. Shangazi yao ni mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikasema shikamoo shangazi. Akasema marahaba. Akanitazama juu mpaka chini.

"Weye ndiye wa kidole?"

Nikasema ndimi. Nilimsikia mtu nyuma akicheka na leso mdomoni. Shangazi akanionyesha kiti. Kilikuwa safu ya mbele, na nadhani haikuwa heshima.

Mwanahamisi alikuwa upande wa pili, pembeni ya Rehema, anamtengeneza ushungi. Hakunitazama hata mara moja. Amekonda. Rehema alinipungia vidole viwili kwa siri, nikakaribia kulia papo hapo.

Nilikuwa nimempigia Bi Salma simu jana kumwomba wimbo uleule. Akauliza nina uhakika. Nikasema nina uhakika. Sikuwa nao.

Kinanda kikaanza kuzunguka. Nikahesabu kama mwalimu: mizunguko minane, halafu sauti inaingia. Kwenye wa saba nikainuka, ili nifike katikati pamoja na neno. Nikafika katikati. Mkono wa kushoto una noti, wa kulia nimeushika kifuani kwa nguvu, maana siuamini tena. Sauti haikuingia. Fidla ikaona nimesimama, ikaamua kunipamba. Ikazunguka tena. Ikazunguka na tena. Watu wa taarabu hawana haraka. Nikabaki nimesimama katikati ya wanawake wa Kigombe wote, sketi ya kanisani, viatu vya shule, nimejishika kifua na hakuna neno lolote la kulichukua.

Wakaanza kucheka. Kwanza wachache. Mmoja akasema Mwalimu wimbo umemkimbia. Kila kitu ndani yangu kilisema kaa, rudi ukakae. Nikawaza, hivi ndivyo alivyokaa yeye na sinia. Nikabaki. Na nikiwa nimebaki hivyo, bila kitu cha kuhesabu, niliisikia ile fidla. Ilikuwa inamsubiri mtu. Inakwenda mpaka mlangoni, inachungulia, inarudi. Zamani nilidhani haijui inakokwenda.

Sauti ikaingia.

*Naegemea ukuta, si wangu wala wa mama.*

Nikajipiga kifua mara moja, sikujua hufanywa vipi, nikapiga kwa nguvu kiasi kwamba niliumia. Nikasema mimi. Nililisema kwa mdomo, mimi, ingawa halisemwi. Nikageuka nikamtazama Mama Rehema, mwenye ukuta wangu, aliyekaa na mkoba wake magotini. Halafu nikamtazama Mwanahamisi. Mkono haukutoka kifuani.

Kicheko kikapungua. Shangazi wa miwani akapiga kigelegele kimoja, kikavu, na wengine wakaingia, na kelele zikawa nyingi kiasi kwamba sikuusikia wimbo tena. Nikamtunza Bi Salma. Nikarudi kitini, nikajifunika uso kwa kanga ya jirani. Wimbo ulikwisha nikiwa humo.

Nilipoufunua uso, Mwanahamisi alikuwa bado anatengeneza ushungi ambao ulikuwa umeshatengenezeka. Hakuja. Wakati wa kuaga nilimwona mlangoni anagawa vipande vya keki kwenye karatasi. Alinipa changu kama alivyowapa wengine. Akasema haya, Mwalimu. Nikasema asante. Basi.

Tulirudi na Mama Rehema. Karibu na Tanga akanitoa uzi begani.

Jumatatu, 25 Agosti

Kuna video. Kuna mtu alirekodi. Imefika kwenye kundi la kwaya. Mimi katikati ya turubai, nimesimama kama mlingoti, nasubiri. Wameweka vichwa vya kucheka, kisha wamefuta, kisha mmoja kaweka tena.

Mzee wa kanisa kanipigia simu. Kauliza kama huyo ni mimi. Nikasema ni mimi. Kauliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema nilikuwa natubu. Akasema nimwambie wimbo unasema nini. Nikamsomea mistari miwili ninayoijua, kama ninavyosoma zaburi. Akasema maneno hayana ubaya, ni ule mdundo tu ndio haumkalii vizuri. Akasema lakini Jumapili hii nipumzike, kwaya aishike mwingine, mpaka watu wamalize kucheka.

Wiki tatu zilizopita ningelia kwa hilo. Leo nimeosha vyombo.

Alhamisi, 28 Agosti

Redio hakuna. Kufuli lipo. Mama Rehema kasema Mwanahamisi amepata chumba chake Kigombe, anapaka watu hina, wageni wa hotelini Ushongo nao wanamwita. Kasema haya bila kunilaumu wala kuniondolea lawama. Kanipa samaki wawili kwenye bakuli.

Nilimpelekea bakuli lake na kile kitenge. Nikamwomba akimtuma mtu Kigombe amfikishie Mwanahamisi. Kakiweka juu ya kabati, hakusema atampa na hakusema hatampa.

Sijui nilichokuwa nategemea. Kwamba angerudi, na asubuhi kinanda kianze, nami nifungue dirisha kwa madaha. Nilitaka hata toba yangu iwe na sauti nne na amina mwishoni.

Jumapili, 31 Agosti

Sijaenda kwaya. Nilikaa viti vya nyuma na Elia. Sauti ya pili walilala ubeti wa kwanza wote. Mkono wangu ulitulia juu ya kitabu.

Tumerudi, nikaweka maji ya chai. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Namba yake. Nilikuwa nimemhifadhi tangu masika kwa jina la Kelele Ukutani, ili niweze kumpigia apunguze. Jina hilo ndilo lililotokea kwenye kioo. Nilikaa nalo mkononi, maji yakachemka, nikayazima.

Ulikuwa ujumbe wa sauti. Hakuna salamu. Hakuna neno lake hata moja. Ni redio tu, imewekwa karibu, na nyuma yake kuku na mtu anasugua sufuria. Kinanda kikazunguka. Nikafungua dirisha la uani nikakaa chini, mgongo ukutani, upande huu wa ukuta wake.

Fidla ikaenda, ikarudi. Sikuhesabu. Ukaja ubeti ninaoujua. Zikaja beti mbili nisizozijua, za mtu anayeamka kabla ya wenye nyumba ili asiwe njiani, anayekunja nguo zake ndogo ili zisichukue nafasi. Halafu ukaja wa mwisho. Ule ambao kila asubuhi dirisha lilikuwa limeshafungwa, kwenye harusi nilikuwa nasubiri pongezi zangu, na Kigombe ulizama kwenye vigelegele.

*Mwenye ukuta asante, hujaniuliza lini.*

Mimi niliuliza. Jikoni, kwa upole.

Na mimi, miaka yote hii ya Pongwe, sijaulizwa.

Wimbo ukaisha. Redio ikazimwa, kukabaki kuku. Kisha kwa mbali, huku anaendelea na sufuria lake, Mwanahamisi akaurudia ule mstari chinichini. Alishuka sauti pale mwisho, palepale. Ndipo unapotakiwa kushuka.

Nimebadilisha jina kwenye simu. Mwanahamisi. Mama Rehema kapita uani na ndoo, kaniona nimekaa chini, kauliza kama naumwa. Nikasema hapana, karibu chai. Akaweka ndoo chini, akaja.